Kikapu Kwanza, Gunia Baadaye

Wapenzi wasomaji, hasa ninyi akina mama mnaobeba kikapu, wiki hii twende sokoni pamoja. Hatuendi soko la mjini, bali gulio la milimani, huko Usambara katika wilaya ya Lushoto, mahali ambapo mboga na matunda ya nchi ya baridi hupatikana kwa wingi. Safari yetu tunaianzia Kwai. Msomaji wa Mbulu au wa Songea asiseme, "Hayo ni mambo ya Wasambaa, hayanihusu." Ngoja kidogo, ndugu. Utaona kwamba gulio la watu wa Kwai na gulio la kwenu ni ndugu wa tumbo moja.

Kwai ni kata iliyo juu ya mji wa Lushoto, upande wa msitu wa Magamba, kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari. Mwezi wa Julai ukungu hukaa mabondeni mpaka jua liwe juu, na watu huota moto. Baridi hiyo, pamoja na mvua na udongo mwekundu, ndiyo inayostawisha viazi mviringo, kabichi, karoti, njegere, vitunguu, na matunda kama plamu, peasi na pichesi, ambayo mtu wa pwani akiyapanda kwake hupata majani tu.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani ilifungua pale Kwai shamba la majaribio. Wakajaribu viazi, nafaka na mboga za Ulaya, wakachanganya ng'ombe wa kwao na ng'ombe wa hapa. Mji wa Lushoto wakati huo waliuita Wilhelmstal. Mwaka uliofuata, 1897, watawa Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika ya Kusini, walifika Gare, si mbali na hapo, wakajenga misioni. Watawa hao kwa desturi yao hawakuwa wakila nyama; basi kwao bustani ya mboga haikuwa pambo la nyumba, ilikuwa riziki ya kila siku.

Lakini shamba la Kwai halikufunguliwa kwa ajili ya watoto wa Kwai. Lilifunguliwa ili Wazungu wapate vyakula walivyovizoea kwao. Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja, nao wakaondoka, na mwaka 1961 tukapata uhuru wetu. Chakula cha milimani hakikuacha kuteremka. Hata leo malori hushuka kwa njia ile ile ya kona nyingi, Lushoto, Soni, mpaka Mombo, na kutoka Mombo huenda Tanga na Dar es Salaam. Kabichi uliyoilima kwa jembe lako kwenye mteremko hupikwa Kariakoo na mtu asiyejua hata jina la kijiji chako.

Si vibaya kuuza. Bila kuuza hatupati ada, wala bati, wala dawa. Swali letu leo ni moja tu: Baada ya lori kuondoka, kinabaki nini katika sufuria ya nyumbani?

NCHI YA MBOGA, MTOTO WA UGALI MKAVU

Utafiti wa afya wa taifa uliofanyika mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 Tanzania walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kidogo kuliko umri wao. Mwaka 2022 idadi ilikuwa imeshuka, ikawa 30 katika 100. Tunashukuru, lakini bado ni watoto wengi mno. Tena udumavu haukai tu mahali penye njaa. Hupatikana hata mahali ambapo mashamba ni ya kijani mwaka mzima, kwa sababu tumbo kushiba ni jambo moja, na mwili kujengwa ni jambo jingine.

Mnaijua hali yenyewe. Siku ya gulio mtoto hubeba kabichi kichwani tangu alfajiri. Jioni hurudi nyumbani akala ugali kwa chumvi, au makande yasiyo na kitu kingine, siku ya nne mfululizo. Mayai yameuzwa yote. Karoti nzuri zimeuzwa. Viazi vilivyobaki ni vile vilivyokatwa na jembe. Na pesa zilizopatikana zimerudi nyumbani zikiwa biskuti, soda na peremende. Hapo ndipo tunapopunjika, ndugu zangu. Tumeuza chakula na kununua vitu vya kuchezea mdomo.

Basi kanuni yetu ya leo ni hii: Kikapu cha nyumbani kijazwe kwanza, gunia la mfanyabiashara lifuate.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Mama mwenye akili huanza kwenda gulioni jioni ya siku iliyotangulia. Hutazama ghala, hutazama mtungi, hutazama kopo la chumvi na chupa ya mafuta. Huhesabu siku mpaka gulio linalofuata. Gulio la Lushoto hujaa siku ya Alhamisi na siku ya Jumapili. Kwa hiyo anayelitegemea anajua kwamba tangu Jumapili mpaka Alhamisi ni siku nne, na tangu Alhamisi mpaka Jumapili ni siku tatu. Anunue mboga za siku hizo, asinunue za wiki nzima zikamwozea. (Na siku ya Jumapili, ndugu, Misa kwanza. Gulio halikimbii.)

Kisha huandika. Kama hajui kuandika, mtoto wa shule amwandikie. Upande mmoja aandike vitu vya kuuza, upande wa pili vitu vya kununua. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakusema kwa ajili ya Wahindi wenye maduka peke yao.

Baada ya hapo atenge fungu la nyumbani kabla gunia halijashonwa. Kila familia ina kiasi chake, lakini mkitaka mfano, semeni hivi: katika kila magunia matano ya viazi, debe moja ni letu. Tena debe hilo litoke katika viazi vizuri, si katika makombo. Mayai nayo yafanyiwe hivyo hivyo. Ukipata kumi, uza saba, na matatu yawe ya watoto wadogo na ya mama mjamzito.

KWA MNUNUZI WA JUMLA

Twende sasa gulioni, tuanze kwa kuuza. Hapa pana mtego mkubwa, nao unaitwa lumbesa. Gunia limejaa, limeshonwa kichwa kingine juu yake kwa kamba, limekuwa kama mtu aliyevaa kilemba. Mnunuzi analiita "gunia moja" na analipa bei ya gunia moja.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme gunia la viazi la kilo 100 mmepatana kwa shilingi 60,000. Kila kilo ni shilingi 600. Sasa mnunuzi amefunga lumbesa, na ndani yake mna kilo 140. Umempa kilo 40 bila malipo. Zidisha kwa 600, utapata shilingi 24,000. Hizo ndizo ulizomwekea mfukoni kwa gunia moja tu. Kama ni magunia matano, ni shilingi 120,000. Pesa hizo ndizo zile mafuta, dagaa, sabuni na daftari la mtoto. Halafu ukifika kwa mwenye duka unamwomba akukopeshe!

Sheria ya vipimo ya nchi yetu inakataza lumbesa, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo ndio waliopewa kazi ya kuisimamia. Lakini ofisa hawezi kusimama kando ya kila gunia. Dawa iliyo karibu ni kupima. Mizani moja ya kijiji, iliyokaguliwa na kutiwa alama, inaweza kutumiwa na familia nyingi kama zikichangia. Tena uzeni pamoja. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi huenda kwa jirani yake. Wakulima ishirini wakikataa, mnunuzi atapima, maana lori lake haliwezi kurudi tupu. Katika wilaya hiyo hiyo ya Lushoto wako wakulima walioungana katika chama kinachoitwa Usambara Lishe Trust, wakapeleka mboga za namna nyingi kwa mahoteli na maduka ya Dar es Salaam. Inawezekana, basi, mkulima kumwuzia mtu wa mbali kwa mapatano.

Angalieni pia debe na sado. Sado ni lile kopo la rangi ambalo limekuwa kipimo cha masoko yetu. Debe lililobonyezwa ubavuni hupunguza, na debe lililotanuliwa huongeza. Ukinunua, tia mkono ndani uone kama kitako kimesukumwa juu. Ukiuza, angalia kama midomo yake imepanuliwa. Usigombe, maana biashara haigombi, sema tu kwa upole, "Ndugu yangu, tutumie lile debe jingine."

KUCHAGUA

Sasa umeuza, umefunga pesa katika pindo la kanga. Usinunue kwenye meza ya kwanza. Zunguka gulio lote mara moja ukiwa na mikono mitupu. Tazama, uliza bei, nyamaza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: yule anayekuvuta mkono na kukuapia mara tatu, kiangalie vema kitu chake. Asubuhi utachagua vizuri, jioni utanunua rahisi. Mboga za kupika usiku huo huo unaweza kuzingoja jioni, lakini zile za kukaa siku tatu uzinunue asubuhi.

Viazi. Chukua vilivyo vigumu, ngozi kavu, visivyo na macho yaliyochipua. Kiazi chenye rangi ya kijani kimepigwa na jua, nacho kina sumu. Usimpikie mtoto, hata kama umepewa bure. Nyumbani viweke gizani, mahali pakavu, visikae mlangoni.

Kabichi. Ipime kwa mkono. Nzito kuliko ukubwa wake ndiyo iliyofunga vizuri ndani. Tazama kikonyo kilipokatwa: cheupe ni cha leo, cheusi ni cha juzi. Usiogope tundu moja la mdudu katika jani la nje. Lakini ukiona majani yana vumbi jeupe la dawa, uliza bila aibu, "Umepiga dawa lini?" Kila dawa ya mboga ina siku zake za kungojewa kabla ya kuvuna, nazo zimeandikwa katika chupa. Ondoa majani ya nje, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Nawe mkulima, usivune kabla ya siku hizo kutimia kwa sababu tu lori limekuja.

Karoti. Zile za kadiri ni tamu kuliko zile kubwa kama mpini. Yenye bega la kijani ina uchungu. Karoti yenye udongo wake hukaa siku nyingi kuliko iliyooshwa; anayeziosha anazipendezesha kwa macho, hakuongezei kitu. Mpikie mtoto karoti kwa mafuta kidogo, maana bila mafuta mwili haupati ile nguvu yake inayolinda macho yasishindwe kuona wakati wa magharibi.

Maharage. Weka machache kiganjani. Yenye matundu yana bungua. Yaliyokunjamana ngozi ni ya zamani, yatakula kuni zako. Ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale, yataiva upesi, na utauponya msitu wa Magamba na miti michache.

Mayai. Ukifika nyumbani litie yai katika bakuli la maji. Likilala chini ni jipya. Likisimama, lile leo. Likielea, litupe.

Peasi na plamu. Msimu wake huanza mwishoni mwa mwaka. Peasi nunua ikiwa ngumu kidogo, uiache ndani ya kikapu siku mbili tatu, itaiva yenyewe. Plamu, kinyume chake, huiva mtini. Nunua iliyoiva tayari lakini isiyopasuka.

MAJANI YA BIBI

Mwisho wa gulio, mbali na matenga ya nyanya, huketi bibi mmoja mwenye mafungu matano ya majani juu ya kipande cha gunia. Mnavu, mshunga, majani ya maboga, mchicha wa shambani. Wasichana wa siku hizi hupita wakisema, "Hayo ni majani ya kimaskini." Wananunua kabichi, wanaona wamestaarabika.

Wanakosea. Kabichi ni nzuri, lakini majani yale ya kijani kibichi yanaishinda mbali kwa vitu vinavyoongeza damu na kulinda macho. Mwaka 1979 mtaalamu Anne Fleuret alichapisha utafiti wake juu ya majani ya mwituni katika chakula cha watu wa Lushoto. Hakuyaandika kama chakula cha miaka ya njaa tu; aliyaona katika vyungu vya watu, sehemu ya chakula chao cha kawaida chenye faida mwilini. Yale waliyoyajua bibi zetu kwa kuonja, wengine wamekuja kuyajua kwa kupima.

Basi mwendee bibi huyo kwa heshima.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu mboga.

— Mnavu huu umeuchuma lini?

— Alfajiri hii. Vunja shina uone, lingali na maji.

— Fungu kiasi gani?

— Mia tano. Ukichukua mawili nitakuongeza mshunga kidogo.

Hapo, mama, usianze kumbana bibi wa watu mpaka mia mbili. Sikilizeni jambo hili, maana tumesema sana juu ya lumbesa. Sisi tunaolia kwamba mnunuzi wa jumla anatupunja, tusigeuke tukampunja aliye mdogo kuliko sisi. Kupatana bei ni desturi nzuri, ni mazungumzo ya gulio. Lakini shilingi mia kwa mwenye lori si kitu, na kwa bibi wa mafungu matano ni chumvi yake. Kipimo cha haki ni kimoja, kiwe cha kilo mia au cha fungu la mnavu.

Nyumbani majani hayo yaoshe kwanza, ndipo uyakate. Ukikata kwanza, nguvu yake huenda na maji. Yapike muda mfupi, maji kidogo, tia karanga zilizotwangwa au tui. Mshunga una uchungu. Uchanganye na majani mengine, watoto watakula.

VITU VINAVYOPANDA KUTOKA CHINI

Gulio la milimani si la mboga za mlimani peke yake. Hapo milima na nyika hukutana. Machungwa ya Muheza hupanda, nazi za pwani hupanda, mchele wa Mombo hupanda, na dagaa wa maziwa makuu nao hufika. Kati ya vyote hivyo, vitu viwili visisahauliwe na mama wa Kwai, wala na mama wa mlima wowote.

Cha kwanza ni dagaa. Mlima hauna samaki wa kutosha, na nyama haipatikani kila siku. Kiganja kimoja cha dagaa waliochambuliwa mchanga, wakakaangwa kidogo, wakatwangwa wakawa unga, chatosha kutia katika uji wa mtoto siku kadhaa. Dagaa wazuri hung'aa kama fedha na harufu yao ni ya samaki. Wenye rangi ya manjano na harufu kali wamelowa mvua.

Cha pili ni chumvi yenye madini joto. Mnakumbuka wazee wenye rovu shingoni? Milimani mvua huosha udongo miaka na miaka, na madini joto huondoka nayo. Mboga inaweza kuwa nzuri sana kwa macho na isiwe nayo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 nchi yetu imeagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo. Yanapokosekana, shingo huvimba, na kilicho kibaya zaidi, mtoto aliye tumboni huumia akili kabla hajazaliwa. Kwa hiyo usivutwe na chumvi ya mawe iliyomwagwa juu ya gunia eti kwa sababu ni rahisi. Nunua iliyofungwa katika pakiti yenye maandishi. Nyumbani iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

WINGI USIOZE

Kuna siku bei huanguka mpaka mtu anatamani kumwaga plamu zake njiani kuliko kuzirudisha nyumbani. Usizimwage. Huko Lushoto wapo wanaotufundisha. Masista wa Mama Yetu wa Usambara pale Ubiri hutengeneza jamu na jibini, na shamba la Irente la ndugu zetu Walutheri linajulikana kwa jibini, mkate na jamu zake. Wageni husafiri mbali kwenda kuvinunua. Na malighafi yake ni yale yale matunda na maziwa tunayoyaona kila siku.

Jaribu hivi. Chukua plamu zilizoiva kilo 2, zioshe, toa kokwa. Zipike kwa kikombe kimoja cha maji mpaka zilainike. Tia sukari kilo 1 na nusu, koroga kwa mwiko juu ya moto mdogo, usiende kuzungumza na jirani. Dondosha tone katika sahani baridi: likijikunja ukilisukuma kwa kidole, imeiva. Mimina ikiwa moto katika chupa zilizochemshwa, funga sawasawa. Ukijua kuifanya vizuri, utaweza kuuza kitu chenye jina lako mwezi ambao jirani hana plamu hata moja.

NENO KWA AKINA BABA

Baba msomaji, usigeuze ukurasa. Gunia mmelima wawili. Kikapu nacho ni cha wawili. Mara nyingi baba huuza magunia kando ya barabara, na mama huachiwa mafungu. Pesa ya magunia hupita kilabuni kwanza, na pesa ya mafungu ndiyo inayolisha watu saba. Hesabu ya namna hiyo haitoki sawa hata ukiifanya mara kumi. Siku ya gulio kaeni wote wawili na daftari lile, mseme: hii ni ya mbegu, hii ya ada, hii ya akiba, hii ya kikapu. Baba anayerudi nyumbani na nusu kilo ya dagaa na machungwa sita hapungukiwi na ubaba wake.

Sasa, wapenzi wasomaji, kazi ya juma hili. Mkirudi kutoka gulioni, tandikeni mkeka, mwageni kikapu mbele ya watoto, wahesabu wenyewe. Je, kipo cha kutia nguvu, kama viazi, mahindi au mchele? Kipo cha kujenga mwili, kama maharage, mayai au dagaa? Yapo majani ya kijani na tunda la kulinda mwili? Ipo chumvi ya pakiti na mafuta kidogo? Watoto wataijifunza hesabu hiyo upesi kuliko ninyi, na kesho wao ndio watakaowakumbusha. Kikikosekana kimoja, msihuzunike. Kiandikeni juu kabisa katika daftari, kiwe cha kwanza kununuliwa katika gulio linalokuja.